Redio Iliyoota Chaza

Ko, ko, ko. Patasi ilikuwa inagonga mpingo ndani ya stoo ya mjomba, na mjomba mwenyewe alikuwa amekaa nami barazani, mkono kwenye ugali wa muhogo. Haya sikusimuliwa. Niliyasikia mwenyewe, jua likiwa utosini, kijijini kwetu karibu na Kitaya, miaka ile tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa.

"Nani anachezea vifaa vyangu?" Mjomba akanawa, tukaenda.

Stoo ilikuwa ya korosho zamani, yenye mlango mmoja wa bati. Ndani alikaa kijana tusiyemjua, shati jeupe, nyayo hazina chembe ya vumbi. Kiangazi kile, nani angetembea kwetu asipate vumbi? Mapajani alikuwa na redio ya mpingo. Ilifanana kabisa na redio ya mjomba, ile iliyokusanya kijiji kizima jioni kwa taarifa ya habari. Lakini hii ilikuwa imezeeka kupita uzee: kitufe kimeng'oka, ubavu umepasuka, chaza wameota penye kutokea sauti, kana kwamba imelala chini ya bahari enzi na enzi. Niamini, sijaona kitu kizuri kama kile. Wala cha kusikitisha kama kile.

Mjomba, mchongaji mtoto wa mchongaji, akacheka. "Haya jamani, redio mbao hiyo! Leo uvumi umepata mwili."

Mgeni hakucheka. "Ndivyo tunavyozikuta."

"Nyie kina nani?"

"Tunaofukua."

Papo hapo Bi Asumini, mke wa mjomba, akapaza sauti kutoka nyumbani: redio imekata katikati ya wimbo. Tulianika betri juani, tukaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Wapi! Tuliporudi stoo, mgeni hayupo.

Kesho yake mchana patasi ikalia tena. Sasa alichonga cherehani, gurudumu limeliwa nusu, na ya Bi Asumini ikakwama sindano ikiwa ndani ya shati la mtu. Nikamsihi mjomba amfukuze.

"Mgeni hafukuzwi," alisema. Lakini macho yake yalisema jingine. Alikuwa ameipenda ile kazi.

Siku ya tatu tulimkuta akichonga gogo lenye masikio mawili ya mtu, yamekamilika. Kisha likatokeza shavu, na juu ya shavu chale za mjomba, zilezile, zimefifia kama maandishi ya kaburi la kale.

"Shavu langu linakufa ganzi," mjomba aliniambia, na bado hakuondoa macho kwenye patasi. Nilimvuta mkono, hakusogea. Patasi ikifika kifuani je?

Ndipo Bi Asumini alipoingia na jembe begani.

"Mgeni siku mbili, baba. Ya tatu mpe jembe. Hapa kijiji cha ujamaa, hatukai bure. Shamba la muhogo lile pale."

Mgeni akaweka patasi chini. Alilipokea jembe kwa mikono miwili, kama apokeaye mfupa wa babu yake, akapitisha kidole kwenye makali yaliyong'aa.

"Bado linalima?"

"Linakungoja wewe."

Akaondoa kidole kama aliyeungua! Watu wa kufukua, nadhani, hawajapata kushika kitu kikiwa hai. Akalirudisha, akainuka aende zake.

Redio yetu haikusema tena. Lile gogo hatukuthubutu kulichonga wala kulichoma. Nami siwezi kutazama kitu kipya, iwe saa ya mkononi au baiskeli ya jirani, nisitafute mahali chaza watakapoanzia. Kwa hiyo nakuonya: ukisikia kazi inafanyika mahali pasipo mtu, usiende kuisifu. Na jembe, mpe mgeni siku ya kwanza. Adabu yetu ya siku mbili ilitufanya tuchelewe.

Unadhani tuliwahi? Mgeni alipovuka kizingiti, Bi Asumini aliubamiza ule mlango wa bati nyuma yake, mchanga ukatumwagikia kutoka darini. Mimi niliruka. Mjomba alikuwa ameupa mlango mgongo, akijipapasa shavu lililoanza kupata joto, kisha masikio. Hakushtuka. Akatuuliza, kwa sauti kubwa mno, kwa nini hatufungi mlango.