Mbunge Aliyeanzia Mlangoni Petu

Mara ya kwanza alipogonga mlango wetu mtaani Newburg, huku ughaibuni, nilimwambia mama asifungue. Sisi ni Warundi, na mimi nilikulia kambini Tanzania. Kule nilijifunza kwamba mtu anayekuulizia shida zako kwa upole mara nyingi ana zake.

Mama akafungua. Mgeni alikuwa mwanamke Mkongomani aliyetunza wazee, bado kavaa sare ya kazi. Hita za jengo zima zilikuwa zimekufa na mama alikuwa analala na koti.

“Bon, mama, twende wote kwa manija wa jengo,” alisema. “Mimi peke yangu hatanisikia.”

Walikwenda majirani kibao, watoto mgongoni, wakajaa ofisini mpaka manija akakosa pa kupita. Hita zikatengenezwa. Mama akaanza kumwita “mwanangu.” Mimi nikasubiri aseme anachotaka.

Akaja akasema: anagombea ubunge wa jimbo. Mama alizunguka naye kanisa hadi kanisa, akishuhudia habari ya ile baridi kama anashuhudia wokovu. Akashinda.

Muswada wake wa kuwalazimisha wenye majengo kutengeneza hita ulipofikia kujadiliwa, nilimpeleka mama kwa gari hadi Frankfort, liliko bunge la jimbo letu. Kwenye korido ya bunge nikamwona mheshimiwa wetu anacheka na manija yule yule, kamshika kiwiko. Nilimngoja aachane naye.

“Dada, naye huyu ni rafiki yako sasa?”

Hakushtuka. “Donc ulitaka nifanye je? Wenye majengo wako na wabunge yao. Bila wao, ile sheria haipite.”

Ikapita kweli, lakini mwenye jengo akapewa majuma kadhaa ya kutengeneza. Nilipomtafsiria, mama aliuliza, “Majuma? Katika baridi ya mwezi wa kwanza?”

“Mama, ndiyo nilipata,” mheshimiwa akamjibu.

Mama akamkumbatia. Mimi nilikuwa nautazama uso wake juu ya bega la mama, nikitafuta aibu. Niliona uchovu tu, na hata huo sikuuamini.

Msimu wa baridi uliofuata, hita yetu ilikufa tena. Tukalalamika, safari hii kwa kutaja sheria. Fundi akaja, joto likarudi.

“Umeona?” mama akasema, anavua koti. “Mwanangu amefanya kazi.”

“Nimeona,” nikamjibu. Sikumwambia kwamba fundi alikuja siku ya mwisho kabisa ya yale majuma ya sheria.