Salamu Niliyoikatisha Kibirizi

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba pale Kibirizi, mwanangu, nilipokuwa nimefunga shule na kurudi nyumbani na kichwa kikubwa kuliko sanduku langu. Nilikuwa kidato cha pili, Tabora, na mwalimu alikuwa ametuagiza tuandike kwenye daftari mambo tutakayoyaona likizoni. Basi nikajiona mpelelezi wa serikali. Kila nilichokiona nilikiandika, na kila nilichokiandika nilikicheka.

Usicheke wewe. Jana nimekuona kibarazani ukiwarekodi majirani kwa simu wakisalimiana, eti unapima dakika. Ndiyo maana nimekuita hapa uje unichambulie maharage.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Tatu, mchuuzi wa dagaa. Kutoka kwake hadi mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa wanapoanika na kuuza samaki, ni mwendo mfupi tu, lakini alisimama kwa kila mtu. "Mwakeye!" Na mwenzake, "Mwakeye!" Kisha mmelalaje, watoto wameamkaje, yule mbuzi mguu umepona, na lile bati linalovuja je? Makofi madogo ya heshima, goti kidogo, halafu wanaanza upya. Sisi Waha unatujua. Kwenye daftari niliandika: "Watu wa huku hupoteza muda mwingi kwa salamu." Nikapiga mstari chini yake, tena kwa rula.

Siku hiyo shangazi alikwenda Ujiji kumjulia hali mgonjwa, akaniachia dagaa wake wote wameanikwa mchangani, maana enzi zile chanja za waya hatukuwa nazo. Dagaa wale ndio waliokuwa shule yangu. Akiwauza, narudi Tabora. Wakiharibika, nabaki nyumbani. Naye hakuniambia nilinde dagaa. Aliniambia, "Ukifika, usalimie watu."

Nikampita Mama Butoyi, jirani yake wa pale mwaloni, akigeuza dagaa wake. Nikamrushia shikamoo huku natembea.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko? Na shangazi..."

Nilikuwa nimeshafika mbali. Nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikafungua daftari.

Haukupita muda nikaona ajabu. Jua linawaka, nao wanawake wanakusanya dagaa wao upesi upesi. Nikaandika: "Tena huacha kazi mapema." Ee Mola wangu, sentensi ile naionea haya mpaka leo! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilitazama mchana kweupe nisione kitu.

Mvua ilishuka kutoka milimani, nyuma yangu, bila hodi. Nikaruka, nikazoa dagaa kwa mikono, kwa khanga, nalia kwa sauti kama mtoto mchanga. Mara nikaona miguu mingi mchangani. Mama Butoyi na wenzake wamekuja na maturubai na mabeseni, na hakuna aliyeniuliza neno. Tuliwaokoa karibu wote. Waliobaki wakawa karamu ya bata.

Tukajibanza chini ya turubai, maji yanatutiririka. Nikangoja kugombezwa. Mama Butoyi akajifuta uso, akanigeukia kana kwamba ndiyo kwanza tumeonana.

"Haya, mwanangu. Mmeamkaje huko nyumbani?"

Nikaanza kuikamua khanga yangu.

"Wavuvi walituambia alfajiri kwamba upepo umegeuka," akasema polepole. "Habari ya mvua nilikuwa nayo. Lakini nitamwambiaje mtu habari ya mvua sijajua kama kwake wote wazima? Ningekufikishia mwishoni. Wewe ukaondoka mwanzoni."

Basi nikapiga goti kwenye mchanga uliolowa, nikamsalimia yeye, kisha mwenzake, kisha wote. Wakaniuliza shule, wakaniuliza mgonjwa wa Ujiji, wakaniuliza hata chakula cha bweni. Mvua ilikatika kabla hatujamaliza, na hakuna aliyeinuka.

Shangazi aliporudi nilimsomea daftari zima, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Pale kwenye kuacha kazi mapema alicheka mpaka akajifuta machozi. "Usifute," akasema. "Andika na mvua." Niliandika. Januari nikapanda treni kurudi Tabora.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kuangalia watu si kosa, na kuandika si kosa. Wewe una akili na mimi najivunia. Ila usimwandike mtu ambaye hujamwitikia. Ukiona jambo la wenyeji limekaa kijinga, uliza kwanza, maana kuuliza si ujinga, na usione vyaelea, vimeundwa. Na mtu akikuuliza umeamkaje, simama. Huenda mwishoni ana habari yako.

Haya, nipe huo ungo, kisha ushuke ukamsalimie yule bibi anayepita. Mungu akufikishe mbali kuliko nilikofika mimi, na kila utakapoamka, akupe mtu wa kukuuliza umeamkaje, nawe akupe subira ya kumsikiliza mpaka mwisho.