Siku Niliyotangaza Moto kwa Kiestonia

Jamani, aibu hii ningeificha, lakini video bado inazunguka kwenye simu za watu, kwa hiyo heri niwasimulie mwenyewe: mimi, mtoto wa watu kutoka Arusha, sketi iliwahi kunidondoka mbele ya umati hapa Braamfontein ninakosoma, na sketi yenyewe haikuwa yangu.

Ilikuwa ya Liis, Mwestonia ninayeishi naye chumba kimoja. Chuoni kwetu hakuna Mwestonia mwingine, na dada huyo anaulea Uestonia wake kama mtoto njiti: anaoka mkate mweusi mchachu, anaimba nyimbo za kwao akifua, jioni anajisomea kwa sauti akiukabili ukuta, maana anasema maneno mengine yameanza kumkimbia. Basi siku ya tamaduni akapewa dakika chache jukwaani. Yeye aimbe, lakini nani awakaribishe watu?

"Niachie mimi," nikasema. (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.)

"Utaweza? Ni *tere tulemast*. Karibuni."

"Liis, Kiswahili nimezaliwa nacho, Kiingereza nimefundishwa, Kizulu nimekiokota kwenye teksi. Maneno mawili yatanishinda?"

Akanivika sketi ya sufu yenye mistari, aliyofuma bibi yake. Liis mwembamba, mimi nimejaliwa, nyuma haikufunga, tukaishikiza kwa pini.

Jukwaani taa zikanipiga usoni, ukumbi umejaa, yale maneno mawili yakanipotea. Nikakumbuka tu kwamba lile la pili linaanza na *tule*. Sasa neno lingine la Kiestonia nililolijua ni lile alilopiga kelele Liis siku nilipounguza vitunguu moshi ukajaa jikoni, nalo linaanza hivyohivyo. Nikavuta pumzi, nikatabasamu, nikapaza sauti kwenye maiki:

"*Tulekahju!*"

Yaani: moto! Kunaungua!

Safu ya mbele akainuka bibi mmoja wa Kizungu, mkongojo mkononi, anapiga kelele kwa lugha hiyohiyo huku anamvuta binti yake. Binti naye akapiga kelele kwa Kiingereza kwamba kuna moto. Mlinzi mlangoni, "Eish! Tokeni, tokeni!" na watu wakatoka kama maji, nami nikakimbia nao (ndiyo, nilikimbia moto nilioutangaza mwenyewe), pini zikaachia mlangoni, sketi ikashuka hadi miguuni, nikabaki na kaptula ya kuchezea mpira na simu zote zimenielekea.

Nje nikajificha nyuma ya Liis, nimejifunga sketi kama khanga, machozi karibu. Yule bibi akaja akitweta, akauliza kitu kwa Kiestonia. Liis akamjibu, ananionyesha mimi, na ninajua alikuwa ananiombea radhi. Bibi akampa binti yake mkongojo. Halafu akamshika Liis mikono yote miwili, akaanza kuongea, na hakunyamaza tena.

"Tuliona jina la nchi ya mama kwenye tangazo," binti yake akaniambia taratibu. "Tangu baba afariki hana wa kuongea naye. Mimi namwelewa, lakini siwezi kumjibu. Nimezaliwa hapa."

Nikamtazama Liis. Anacheka, anarusha mikono, anaongea kwa kasi, anamkatiza bibi wa watu! Mwaka mzima nimelala chumba kimoja na msichana mpole, kumbe mpole ni kwa Kiingereza tu.

Watu waliporudi ukumbini (wengine kwa ajili ya mkate wa Liis, nisiwasingizie), Liis na bibi waliimba pamoja, bibi ameegemea mkongojo, sauti inatetemeka, machozi yanamshuka naye hayafuti. Alipomaliza akaja kwangu, akaniambia kwa Kiingereza: "Binti, umelitamka vizuri. Niliamini kabisa."

Nimeapa: maiki ya watu sishiki tena kwa lugha niliyojifunza jikoni. Ila Jumapili Liis anapokwenda kwa bibi huyo, mimi huenda naye, nakaa kochini na chai yangu, siambulii neno, nawasikiliza wanavyobishana na kucheka, na moyoni namshukuru Mungu kwamba siku ile nilisahau.