Siku Mlima Rungwe Ulipotuita

Nilipokuwa mtoto kule Bondeni, Kyela, mlima Rungwe kwangu ulikuwa kitu cha kutazama tu. Mvua ikikatika asubuhi tuliuona kaskazini, wa buluu, umejitenga, nasi huku chini tukitokwa jasho kwenye mpunga. Rafiki yangu Tusekile ndiye aliyenitia hamu. Bibi yake aliishi miguuni mwa mlima huo, na likizo moja ya baridi, nikiwa na miaka kumi na mitatu, tulipelekwa kwake.

Asubuhi tulipoondoka kupanda, bibi alitufungia ndizi za kuchoma, akatushika mikono.

"Wingu likija, kaeni palepale," alisema. "Wala msiitane majina. Mlima ukishalisikia jina, nao unaliita."

"Ndaga, bibi," tulimshukuru kwa Kinyakyusa, na kabla hatujafika kwenye mianzi tulikuwa tumeshalicheka onyo lake.

Tulipita msitu, tukatokea kwenye nyasi, halafu tukafika pale ambapo miguu peke yake haitoshi, lazima ushike mawe kwa mikono. Tusekile alikuwa mwepesi. Alitangulia, raba zake zikinimwagia changarawe usoni.

"Njoo, Ziwa Nyasa linaonekana huku!"

Sikupata nafasi ya kuliona kutoka huko. Wingu lilipanda kutoka chini yetu, nikawa sivioni hata viganja vyangu juu ya jiwe.

"Subira! Subira, uko wapi?"

Tusekile aliniita jina langu kutoka kulia, kisha kushoto, kisha kutoka nyuma yangu, kwenye korongo. Nilijibu, ningefanyaje? "Tuse, niko hapa! Simama hapohapo!" Na mlima ukasema nao, kwa sauti yangu, upande wa korongo: hapohapo, hapohapo.

"Nakuja," alisema.

Nilisikia nyayo zake zikienda, si zikija. Nilipiga kelele asiende, na kila neno lilizidi kumvuta kule. Nikanyamaza, akaniita kwa hofu, akazidi kwenda. Nikajaribu kushuka, mguu ukakosa jiwe, nikaukumbatia mwamba. Kisha mawe yakaporomoka. Kisha kimya.

Wingu lilipoondoka nilimwona chini korongoni, mguu umepinda vibaya, akinitazama. Sikuweza kumfikia. Nililia juu, naye akalia chini, mpaka wakata mianzi wawili waliotusikia wakapanda, wakambeba mgongoni.

Bibi hakutugombeza. Aliupakata mguu ule, akaniuliza kitu kimoja tu: "Uliusikia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hizi Tusekile anauza vitenge Kasumulu, mpakani, na bado anachechemea. Anashikilia kwamba sauti ile haikuwa yangu. Mimi nimesoma, najua sauti ikigonga mwamba hurudi, lakini simbishii. Si mwangwi ulionitisha. Kilichonitisha ni kwamba nilimpenda, nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na upendo wote ule haukumfaa kitu.

Mwaka jana mama yangu alilazwa, na madaktari wakatuambia wamefika mwisho wa uwezo wao. Ndugu zangu walitoka na kuingia, wakipiga simu huku na kule. Mimi safari hii niliweza kufika: nilivua viatu, nikapanda kitandani kwake, nikalala ubavuni pake mpaka alipoacha kupumua.