Jumapili Niliyomshusha Nyambura Kwenye Bembea

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka huwa natafuta mahali pa kukaa kwanza. Kaa na wewe. Weka hiyo simu kando. Tangu juzi nakusikia kupitia ukuta, wewe na mke wako, mnabishana ni wapi hapa Nakuru pana uwanja mzuri wa kupeleka watoto. Kule kuna bembea lakini kuna foleni. Huku kuna ngamia wa kupanda lakini ni mbali. Pale pengine mliona picha mkasema nyasi zimekauka. Jumamosi ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikapita, na watoto wako hapo kwenye ngazi wanapiga mlango wangu mateke. Mimi nimechoka, hata kusema kunanichosha siku hizi, lakini hili nitakwambia, kwa sababu katika ploti hii yote hakuna mtu aliyewahi kutafuta uwanja wa watoto kwa bidii kuliko mimi.

Nilikuwa yaya. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mimi pia nilikuwa na magoti mazuri. Nilifanya kazi kwa familia ya Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa mjini, na mtoto niliyemlea tangu akiwa mchanga aliitwa Jayu, mvulana mnene, mcheshi, mwenye kupenda kubebwa. Kila jioni jua likipoa nilimtoa kwenda kucheza. Usinione hivi, nilivijua viwanja vya mji huu kama ninavyojua jiko langu. Nilijua katika bustani ya manispaa ni bembea ipi mnyororo wake unabana vidole. Nilijua ni wapi upepo wa kutoka ziwani unaleta lile vumbi jeupe la magadi linalowasha macho, na ni saa ngapi wavulana wakubwa wanamaliza mpira na kumwachia mtoto mdogo nafasi.

Mama Jayu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria moja tu, na hakuchoka kuirudia: "Yaya, wewe nakaa chini, toto naanguka." Basi sikukaa. Miaka ile yote nilisimama nyuma ya bembea, mkono mmoja tayari, nikimhesabia Jayu kwa Kigujarati alivyopenda, ek, be, tran, naye akicheka mpaka kwikwi inamshika.

Mtoto wangu mwenyewe aliishi kijiji cha Bahati, nje ya mji. Nyambura. Nilimwacha kwa mama yangu kabla hajaacha kunyonya vizuri, maana kazi haikungoja. Baba yake hayumo katika hadithi hii, wala hakuwamo katika maisha yetu, kwa hiyo tumwache alale. Jumapili moja kila mwezi nilipanda basi kwenda kumwona, nimebeba kikapu: sukari, mkate, kipande cha kitambaa kilichobaki dukani. Niliwekewa kiti kile cha wageni, nikapewa chai, nikauliza habari za ng'ombe, nikawahi basi la kurudi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi kwa mtoto wangu sikuwahi kuifikia hiyo siku ya tatu.

Sasa pale bomani walikuwepo watoto wa kaka yangu, nao waliniita tata, ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita shangazi. Nyambura naye akaniita tata. Mama yangu alimsahihisha mara nyingi, akamwambia huyu ni mama yako. Alijibu, "Ndiyo, cucu," yaani bibi, kisha akageuka akaniuliza, "Tata, umeleta mkate?" Hakuwa na ubaya. Aliita alivyosikia wenzake wakiita. Lakini niliumia, mwanangu, na kwenye basi la kurudi nilikuwa nikigeuza uso dirishani ili watu wasinione.

Alipofika umri wa kuanza shule nilitaka kumleta mjini aishi nami. Nilikuwa nimepata chumba mtaa wa Bondeni, na jirani wa kumwangalia mchana. Mama yangu akasema mtoto si gunia la viazi, huwezi kumpakia tu. Akujue kwanza. Nikamwambia, basi mlete Jumapili, nitamtembeza Nakuru. Nilikuwa na imani moja kubwa, na ndiyo hiyo hiyo uliyo nayo wewe leo. Niliamini mtoto akipelekwa mahali pazuri, uzuri wa mahali utafanya kazi yote. Pale Jayu alipocheka, Nyambura atacheka. Akishacheka atataka kubaki. Akibaki, hilo neno tata litakufa lenyewe.

Walishuka kwenye basi asubuhi, mama yangu na kitambaa chake cheupe kichwani, Nyambura ndani ya gauni la manjano nililomshonea mwenyewe usiku. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Tulianza na ziwa, maana nani asiyetaka kuona ndege wengi hivyo. Ndege walikuwa mbali. Nyambura aliziba pua, kisha akaona lile tope lenye ukoko mweupe, akachuchumaa alivunje kwa kidole. Nikamwambia hapana, gauni. Tukaondoka. Tulipita kwenye uwanja wa shule, nikaona vumbi, nikasema hapa si pazuri. Njiani chini ya mijakaranda Nyambura na cucu wake wakaanza kuokota yale maganda makavu yanayofunguka mdomo, wakiyafanya yaongee, moja ni mzee, moja ni mbuzi. Nikamshika mkono. Nikasema twende, tunakaribia. Mchagua jembe si mkulima, lakini siku hiyo nani angeniambia kitu.

Bustanini bembea moja ilikuwa wazi, na ilikuwa ile nzuri. Nilimkalisha. Alishika minyororo kwa nguvu mpaka vidole vikapauka. Nikamsukuma taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, na nikamsikia akitoa kicheko kidogo, cha puani, cha mtu ambaye bado hajaamua. Nilijiambia, imefika. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye nyasi amenyoosha miguu, anatutazama.

Ndipo nikasikia, "Yaya!"

Jayu alinivamia magoti. Wazazi wake walikuwa wanakuja nyuma, wametoka hekaluni, mama amekusanya sari yake isiguse majani. Mtoto aliinua mikono juu, kama alivyoinua kila siku. Sasa nisikilize vizuri. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyeniamuru. Mazoea yana taabu. Nilimshika Nyambura kwapani nikamshusha chini, nikampandisha Jayu, nikaenda nyuma yake, nikaanza kusukuma. Ek, be, tran. Akacheka, nami nikacheka naye. Bembea ilikuwa imekwenda na kurudi mara kadhaa kabla sijahisi kwamba kuna mtu amesimama kando yangu na gauni la manjano.

Mama Jayu ndiye aliyeona kwanza. Alisema, "Wacha, yaya. Leo siku yako." Akamtoa mwanawe kwenye bembea, naye Jayu akalia. Kisha akamwinamia Nyambura, akamgusa shavu, akauliza kwa upole, "Hii toto ya nani?"

Nyambura alinitazama. Alingoja. Nakwambia alingoja, na mimi ulimi ulikuwa mzito kwa aibu, nikitafuta namna ya kusema wangu baada ya kile nilichokifanya. Kiswahili chake cha Bahati kilikuwa kidogo lakini kilitosha.

"Mimi ni wa cucu," akajibu mwenyewe, akaenda kukaa kwenye nyasi.

Jayu na wazazi wake walipoondoka, mama yangu alifungua mfuko wake. Alimpa mtoto andazi. Kisha akaniita kwa jina langu la utoto, akasema, "Njeri, keti."

"Nimezoea kusimama, mama."

"Najua. Tangu asubuhi umesimama kama mtu aliye kazini. Mtoto alitaka tope, ukakataa. Alitaka maganda, ukamvuta mkono. Hii ni Nakuru ya nani unayomwonyesha?"

Nikasema nilitaka aone pazuri.

"Hapo pazuri hata mgeni anaweza kumwonyesha. Leo narudi naye. Ukimtaka, njoo Bahati, na usije na kikapu."

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Msemo huo nilikuwa nimeusikia tangu utotoni na sikuwahi kufikiri unanihusu, maana mimi nililea kutwa kucha, nililea mpaka mgongo ukauma. Nililia siku hiyo chumbani Bondeni. Sikumlilia Jayu wala mama yake, hawakunikosea. Nililia kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejua ni mtoto yupi wa kumnyanyua kabla mimi mwenyewe sijaulizwa.

Nilimwomba Mama Jayu ruhusa ya kila Jumapili, akanipa. Nikaanza kwenda Bahati mikono mitupu. Jumapili ya kwanza Nyambura alitazama mikononi mwangu, hakuona kikapu, akaenda zake. Niliketi chini uani, mgongo kwenye ukuta wa ghala, kwa sababu mama yangu alikuwa amekiondoa kile kiti cha wageni akakiweka sijui wapi. Niliona aibu kuketi tu. Nikataka kuosha vyombo, mama akaninyang'anya sufuria. Jumapili nyingine nilisinzia palepale, mdomo wazi, kwa uchovu wa wiki nzima, na nilipoamka nikakuta watoto wamenipangia punje za mahindi kwenye miguu. Hawakuwa na uwanja wowote wa kuitwa uwanja. Kulikuwa na mteremko nyuma ya zizi, nyasi zimekwisha kwa kuteleza, udongo mwekundu umelainika, nao walishuka hapo juu ya magunia ya zamani tangu asubuhi mpaka jioni.

Mvua zilikuwa zimeanza alipokuja kusimama mbele yangu, matope mpaka kwenye nyusi. "Tata, unajua kuteleza?"

Nikasema sijui. Akaniambia twende. Nilikaa juu ya gunia, yeye mbele yangu, nikamshika kiunoni. Tulishuka hatua chache tukakwama. Watoto wa kaka yangu waliangua kicheko. Nyambura hakucheka, alikuwa na hasira ya mtu aliyeharibiwa kazi. Akageuka akanikazia macho.

"Mama, wewe ni mzito. Ngoja nishuke nikusukume."

Yeye hakusikia alichosema. Alishashuka, ameshaweka mikono mgongoni mwangu, anasukuma na kuguna. Mimi nilisikia. Sikugeuka, maana niliogopa nikigeuka atanyamaza. Niliketi kama nilivyoambiwa, nikasukumwa.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Hakuja mjini Januari ile shule zilipofunguliwa, alikuja mwaka uliofuata, na usiku wa kwanza alilala ameelekea mlango. Leo yeye mwenyewe ana wajukuu, na akishikwa na homa jina la kwanza analoita ni la cucu wake, ambaye tulimzika zamani. Mimi nampelekea uji. Simlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na ile miaka niliyomwacha nilimwaga mimi, hata kama kilichonisukuma kilikuwa shida. Huniuma mpaka leo, nakwambia bila kuficha.

Kwa hiyo, mwanangu, umeuliza uwanja mzuri ni upi. Hukuniuliza mimi, lakini nimekujibu. Nenda penye nyasi zilizokauka. Nenda hata hapo nyuma ya ploti penye rundo la mchanga wa fundi. Ukifika usisimame na hiyo simu unawapiga picha kama umetumwa na mtu. Keti chini, suruali ichafuke. Wakikuonyesha tope, liguse. Wakisema jiwe hili ni basi, panda. Ukisinzia kwa uchovu, sinzia hapo hapo karibu nao, watakupangia mahindi miguuni na itakuwa sawa. Wiki nzima uko kazini, najua, na Jumapili unataka uwalipe kwa kitu kikubwa ili moyo wako utulie. Mtaka yote hukosa yote. Wao wanataka kidogo kuliko unavyodhani, ila hicho kidogo hakuna mwingine wa kuwapa.

Nimechoka sasa, nisaidie kuinuka. Mungu akupe magoti yatakayokubali kwenda chini na kurudi juu. Akuachie Jumapili nyingi, zisizo na mipango. Na siku mgeni atakapowainamia wanao kuwauliza ni wa nani, wakutaje wewe kabla hujafungua mdomo.