Siku Delmar Alipoingia Ghalani

Shemeji yangu Delmar Vossberg alikuwa mwoga, na hakuficha. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kiwandani, tulikofanya zamu ya jioni kwa sababu shamba peke yake halikututosha, alikula mkate wake uani hata theluji ikianguka. Wenzetu walimtania: "Vipi Delmar, kuta zinang'ata?" Alicheka nao, lakini ndani hakuingia.

Dada yangu Lavonne, mkewe, ndiye aliyeniambia sababu. Vitani Korea, kombora liliangusha handaki lao. Delmar alifukiwa pamoja na mwenzake mmoja wa Ohio. Walizungumza gizani kwa saa nyingi, mpaka yule mwenzake akaacha kujibu.

Machi ya mwaka 1974, mahindi yangu yalishikana ghalani kwa unyevu. Ghala lenyewe la bati, la mviringo, refu kushinda nyumba yetu. Niliwasha mashine inayoyavuta mahindi kwa chini, kisha nikaingilia juu na fimbo ya chuma nivunje ganda la mahindi yaliyogandamana juu. Kila mkulima wa Iowa anajua hilo halifanywi, na kila mkulima amewahi kulifanya. Ganda likapasuka. Chini yake palikuwa patupu. Kufumba na kufumbua, mahindi yalikuwa kifuani.

Delmar, aliyekuwa nje, alisikia ukelele wangu akazima mashine.

"Verlin! Uko hai?"

"Niko! Lete kamba!"

"Lavonne anawapigia wazimamoto. Wanakuja."

"Yanaporomoka, shemeji. Yamefika kwapani."

Kila nilipotoa pumzi, mahindi yalinibana zaidi, nami sikuweza kuivuta yote tena. Nilisikia buti zake zikipanda ngazi. Zikasimama. Zikashuka. Nikaanza kusali, maana nilijua hawezi, na sikumlaumu.

Kisha zikapanda tena, haraka. Uso wake ukatokea kwenye tundu la juu, mweupe kama unga. Alijifunga kamba kiunoni, akatupa ubao juu ya mahindi, akaja kwa tumbo huku akilia kwa sauti, kama mtoto. Akanizungushia mikono kichwani, akawa ukuta, mahindi yasinifike mdomoni.

"Nimejikojolea," alisema. "Ukimwambia mtu, nakuacha humu humu."

"Simwambii."

"Sema nami, Verlin. Usinyamaze hata kidogo!"

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitajie ng'ombe wako."

"Dottie. Pearl. Yule mwekundu..."

"Mwekundu ana jina! Anaitwaje?"

"Hilda."

"Enhe. Mwingine?"

Niliwataja wote kumi na tisa, nikarudia. Nilipokawia kidogo tu, vidole vyake viliniumiza shingoni. Nje wazimamoto walikata bati kwa misumeno, na kelele zile zilimfanya Delmar ajikunje na kufumba macho, lakini mikono haikusogea. Mahindi yalimwagika kupitia matundu, taratibu, kwa saa moja na nusu. Waliponifikia, ilibidi wambandue kidole kimoja kimoja.

Gazeti la mjini lilituma mtu. Delmar alijificha zizini mpaka yule mtu akaondoka. Wiki tatu hakuonekana kiwandani, na Lavonne alilazimika kung'oa mlango wa chumba chao ndipo mumewe apate usingizi.

"Nilidhani sasa woga umekutoka," nilimwambia siku moja tukirekebisha uzio.

"Umezidi. Zamani nilikuwa namwota mtu mmoja. Sasa mko wawili."

"Lakini mimi nilitoka, shemeji."

"Ndotoni hutoki."

Nikamshikia waya, akapiga misumari.

Majira yale ya kiangazi nilibomoa ghala. Alikuja na trekta lake, akalisimamisha barabarani, injini ikiunguruma, wala hakushuka mpaka bati la mwisho lilipolala chini. Ndipo akaja, akanisaidia kupakia mabati.