Kocha Respicius na Mtu wa Vuvuzela

Respicius alikuwa mtunza maktaba wa chuo kimoja kidogo cha watu binafsi huko Glenwood, mtaa wa vilima, lakini ungemuuliza kazi yake angekwambia yeye ni kocha. Maktaba ilimpa mshahara na timu ilimpa presha, na ungekaa naye dakika mbili tu ungejua ni ipi kati ya hizo mbili anaipenda. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, na Wahaya, tuseme ukweli, hawajawahi kulaumiwa kwa kujidharau. Alivaa tai uwanjani. Aliivaa hata siku ya mvua, viatu vimejaa tope, na timu yake ilipofungwa alikuwa akiilegeza kidogo kidogo. Mtu aliyechelewa kufika mechini aliweza kujua matokeo kwa kuangalia shingo ya kocha.

Tai hiyo ilikuwa imelegea tangu mwaka 2009.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya chuo, umeinama upande mmoja kama Glenwood yote ilivyoinama, na nyuma ya goli la chini kulikuwa na uzio wa waya. Nyuma ya uzio huo kila Jumatano, siku ya mechi za vyuo, alisimama mtu. Alikuwa Mkongo mmoja mnene mwenye kofia ya pama, msusi wa nywele mjini. Wateja wake wa Jumatano walikwishazoea kuachwa nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, mpaka mpira uishe. Zamani alikuwa anapiga kelele kwa mdomo tu, na Respicius alimrudishia matusi.

"Kocha! Toa ile namba sita, iko anachoka!"

"Kocha! Ile tai inabana akili!"

Kisha Kombe la Dunia la 2010 likaja kuchezwa nchini humo, nchi nzima ikajaa vuvuzela, tarumbeta ndefu za plastiki, na adha ya Respicius ikapata kipaza sauti. Mtu yule hakupuliza ovyo. Alingoja. Respicius alipoinuka na kufungua mdomo kutoa maelekezo, ndipo vuvuzela ililia, na alipokaa ikanyamaza. Wachezaji walikuwa wanaona midomo ya kocha inacheza tu, wakabaki kukisia.

Jumatano moja ya mwaka 2011 timu ikiwa imeshakula nne, uvumilivu ulimwisha Respicius. Alizunguka uwanja mpira ukiendelea, akapitisha mkono juu ya waya, akaipokonya ile vuvuzela. "Wewe si mtu wa mpira!" alifoka mbele ya watu wote. "Wewe ni mtu wa kusuka! Nisikuone tena hapa!" Kisha akaenda kuifungia kwenye kabati la maktaba, pamoja na kamusi zisizoazimwa.

Yule mtu alivuta kofia yake, akaenda zake. Jumatano iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuatia. Respicius alitoa maelekezo yake yote na wachezaji wakayasikia vizuri kabisa, na wakafungwa vilevile.

Mwisho wa mwaka mkuu wa chuo alimwita ofisini. "Mwalimu Respicius," alisema, "wanafunzi wanaongezeka, magari yao hayana pa kukaa. Ule uwanja wako tunautazama." Akampa nafasi moja: alete mchezaji mwenye jina, mtu ambaye vijana wengine watamfuata chuoni, kabla masomo hayajaanza Februari. Vinginevyo uwanja utamwagiwa lami na kuchorwa mistari ya maegesho. Respicius alitoka pale akaenda moja kwa moja kuutazama uwanja. Mke hakuwa naye, watoto hakuwa nao, na kitabu hakikuwahi kumrukia shingoni kwa furaha. Timu ndiyo ilikuwa nyumba yake.

Na mchezaji mwenye jina alikuwa mmoja tu. Aliitwa Josias, kijana wa Kikongo aliyekuwa ametoka tu kumaliza shule, na Jumapili katika bustani ya Albert Park watu waliacha kununua mahindi ya kuchoma ili wamtazame. Shida ni kwamba habari zake zilikuwa zimefika mbali. Chuo cha Pietermaritzburg kilimtaka, na kocha wa chuo hicho alikuwa Boniface, Mhaya mwenzake Respicius, ambaye walisoma pamoja na kuoneana wivu tangu darasa la tatu. Chuo cha Johannesburg nacho kilimtaka, kikamtuma kocha wa kisasa mwenye gari refu na simu mbili. Kila mmoja aliahidi masomo bila ada na chumba cha kulala.

Respicius hakubabaika. Kwao Bukoba jambo hili halina mjadala: mtoto ni wa baba. Ukimtaka mtoto nenda kwa baba, na usiende mikono mitupu. Baba alikuwa Papa Jacques, mwenye duka la simu mjini, mtu mchangamfu asiyejua kusema hapana. Respicius akampelekea kopo lake la mwisho la senene, panzi wa kukaanga, waliotumwa kutoka nyumbani kwa mkono wa binamu, senene aliokuwa anawala mmoja mmoja siku za sikukuu. Papa Jacques aliwamaliza palepale, akisukumia na Fanta.

"Kocha," alisema akijifuta midomo, "Josias iko kwako tayari."

Respicius alirudi Glenwood anaimba. Hakujua kwamba siku mbili baadaye Boniface alifika na senene pia, kopo kubwa zaidi, akaambiwa maneno hayohayo. Wa Johannesburg, ambaye hakuwa na senene, alileta suti ya michezo yenye jina la chuo mgongoni. Papa Jacques aliivaa dukani kila siku. Respicius alipoiona akashtuka, akaleta ndizi za Bukoba. Boniface akaleta mbuzi. Ilifika mahali wateja wa simu walikuwa wakiingia dukani wanauliza nyama.

Januari ikaingia, na hatimaye Papa Jacques akawaita wote watatu nyumbani kwake Greyville, Jumapili mchana, kila mmoja akidhani kaitwa peke yake. Walikutana mlangoni. Boniface alimtazama Respicius, Respicius akamtazama Boniface, na wote wawili wakamtazama wa Johannesburg.

Ndani, dirisha lilitazama uwanja wa mbio za farasi. Mama Bupe, mama yake Josias, aliwapa chai. Josias mwenyewe alikaa pembeni, macho chini. Papa Jacques, na suti yake ya michezo, alikuwa amekaa kwenye kistuli karibu na mlango kama mgeni. Kiti kikubwa cha sebuleni kilikuwa kitupu. Respicius akakisogelea.

"Hapana, Mwalimu," alisema Mama Bupe kwa upole. "Hiyo iko na mwenyewe."

Respicius akamgeukia mwenye nyumba. "Papa Jacques, tunamngoja nani?"

"Muyomba yake. Kaka mukubwa ya mama."

"Mjomba? Wa nini?"

"Yee njo anaamua."

"Na wewe?"

"Mie?" Papa Jacques alishangaa kuulizwa. "Mie ni baba tu."

Boniface alipaliwa na chai. "Baba tu!" alirudia, kwa sauti ya mtu aliyesikia kwamba Ziwa Viktoria limehamishwa. Mama Bupe akawaeleza taratibu, kama unavyowaeleza watoto: kwao, Wabemba wa Kasenga kule Kongo, watoto ni wa ukoo wa mama. Baba anawalisha, anawapenda, anawaonya, lakini neno kubwa ni la mjomba. Respicius alisikiliza mdomo wazi. Alikuwa akimkumbuka kila senene kwa sura yake.

"Sasa Papa Jacques," alisema kwa uchungu, "mbona hukutuambia?"

"Hakuna mutu aliniuliza. Mulikuwa munaleta tu."

Hapo mlango ukafunguliwa. Lilitangulia tumbo, kisha ikafuata kofia ya pama.

Mkono wa Respicius ulikwenda wenyewe kwenye tai. Mama Bupe aliinuka, akapiga goti kidogo mbele ya kaka yake mkubwa: "Yaya Dominiki, karibu." Mtu yule akaketi kwenye kiti kikubwa, akawasalimu wageni mmoja mmoja, vizuri kabisa, mpaka akafika kwa Respicius.

"Mwalimu," alisema. "Vuvuzela yangu haijambo?"

"Haijambo," Respicius alijibu.

"Munajuana?" aliuliza Mama Bupe.

"Sana. Huyu njo alinifukuza mbele ya batu."

Boniface alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Respicius yeye alikuwa anauona uwanja wake umeshamwagiwa lami, gari limeegeshwa pale penye goli la chini. Aliona aibu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aibu hiyo ilikuwa yake kwa haki. Alitaka kuaga. Lakini Dominiki alikuwa ameshainua mkono.

"Bakocha, mie niko na swali moja tu. Siku mutoto atakosa penalti, mutamufanya nini?"

Wa Johannesburg alianza. Chuo chao kina mtaalamu wa saikolojia, kina kompyuta, penalti itatazamwa tena na tena kwa video mpaka kosa lieleweke. Dominiki aliitikia kwa kichwa. Boniface akakohoa, akasema kwake ni nidhamu tu: anayekosa penalti anakimbia kuzunguka uwanja mpaka mguu uombe msamaha. Dominiki akaitikia tena. Kisha wote wakamtazama Respicius.

Mtu aliyekwishapoteza kila kitu husema linalomjia. "Mimi sijui," alisema. "Tangu niwe kocha hatujawahi kupata penalti."

Josias alicheka, akaziba mdomo.

"Lakini akikosa," Respicius akaendelea, na sasa hasira yake ya kawaida ilikuwa imerudi, hata akasimama, "nitakugombeza wewe! Kwani si utakuwa umesimama pale nyuma ya goli na lile lipembe lako? Miaka yote hii nikifungwa nagombana na wewe. Nimeshazoea. Sasa nianze kugombana na mtoto?" Kisha akakaa, akashusha sauti. "Na nilikukosea. Tangu uache kuja, Jumatano imekuwa mbaya. Uwanja uko kimya mpaka unauma. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anakuja kututazama. Ulikuwa wewe tu."

Huko nje farasi mmoja alilia. Dominiki alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Eish," alisema. "Musikilize. Hii mutu inafungwa kila juma. Alininyanganya kintu yangu. Alisema mie ni mutu ya kusuka, na kweli mie ni mutu ya kusuka, batoto ya dada yangu balisoma kwa hii mikono. Lakini miaka yote mie niko nyuma ya goli, karibu sana na golikipa, niko nasikia yote. Mupira inapita katikati ya miguu ya golikipa, miguu wazi kama mulango. Kocha anafanya nini? Anageuka, ananitukana mie." Alijipiga kifuani. "Mie mukubwa, niko na mwili ya kubeba matusi. Hata siku moja sijamusikia anatukana mutoto."

Akavaa kofia. "Josias ataenda Glenwood."

Boniface aliteta kidogo juu ya mbuzi wake, lakini Papa Jacques alimwambia mbuzi alikuwa mtamu sana, na hapakuwa na la kuongeza. Wa Johannesburg aliuliza kama angeweza kurudishiwa suti. Papa Jacques alivuta zipu hadi kidevuni.

Respicius alikuwa bado hajaamini. Alimgeukia kijana. "Na wewe mwenyewe, Josias, unasemaje?"

"Mie nilitaka Glenwood toka zamani. Ni taxi moja tu, na mama iko karibu."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna mutu aliniuliza."

Dominiki alitoa masharti yake mlangoni. Vuvuzela irudi. Tena hatasimama nyuma ya waya kama mbuzi. Atakaa ndani, kwenye kiti, kando ya kocha. Respicius alisema atatoa kiti cha maktaba, chenye mto. "Na ile senene," aliongeza mjomba, "nasikia ilikuwa mingi. Mie sikuonja hata moja." Watu wote wakamgeukia Papa Jacques, ambaye alikuwa ameanza kukusanya vikombe vya chai kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumatano ya mwisho wa Februari. Jina la Josias lilikuwa limefanya kazi yake, watu walijaa, hata mkuu wa chuo alikuja na kusimama kando ya uwanja wake wa maegesho uliokufa. Mpaka mwishoni ilikuwa bila kwa bila, na tai ya Respicius ilikuwa bado imekaza. Kisha Josias akaangushwa ndani ya boksi. Penalti, ya kwanza katika historia ya timu.

Josias akaweka mpira, akarudi nyuma, akapiga. Mpira ulipaa juu ya goli, juu ya waya, ukaangukia kwenye kamba ya nguo za watu nyumba ya jirani.

Uwanja mzima uliguna. Kijana alisimama ameshika kichwa, akageuka kumtazama kocha. Respicius alikuwa ameinuka, tai mkononi, mdomo wazi, maneno makali yamejaa kinywani yanatafuta mwenyewe. Aliyaona macho ya yule kijana. Akageukia kiti cha maktaba.

"Dominiki!" aliunguruma. "Wewe na lipembe lako! Umemharibia mtoto!"

Dominiki alikuwa hajapuliza hata mara moja siku hiyo. Tangu mechi ianze alikuwa ameikumbatia vuvuzela kifuani kwa woga, macho ameyafumba. Sasa aliyafumbua, akamtazama kocha, akamtazama mtoto wa dada yake aliyekuwa ameanza kucheka peke yake kule kwenye boksi. Akaiweka vuvuzela mdomoni, akavuta pumzi yote ya Glenwood, akampulizia kocha sikioni.